Joto la Saa Kumi

Hita ilikuwa ya baridi, lakini chumba kilikuwa na joto.

Caiping alisimama na koti lake mwilini, kiganja juu ya bati la hita, akajaribu kuelewa. Akagusa huku, akagusa kule. Baridi tupu, kama sahani iliyolala kabatini. Matofali yaliyomo tumboni mwa hita ile hulishwa umeme usiku, bei ikiwa chini, kisha huachia joto lao kidogo kidogo mchana. Na mwezi huu wa baridi kali, kila siku bila kukosa, joto hilo lilikuwa linakata roho kabla ya saa kumi alasiri. Sasa saa kumi ilikuwa imekwisha kupita. Nje, maji yalikuwa yameganda ndooni mpaka ndoo ikapasuka. Humu ndani, vioo vya dirisha vilikuwa vinatoka jasho.

"Unaipapasa hiyo hita kama daktari," mama mkwe wake alisema kutoka kitandani. "Inaumwa?"

"Imepoa, Mama."

"Si imefanya kazi yake, inapumzika? Wewe hupumziki?"

"Lakini chumba kina joto."

"Loo! Kukiwa na baridi, lawama. Kukiwa na joto, lawama. Mkwe gani huyu niliyeletewa kutoka Hebei, jamani!"

Mama Ning alicheka, ila mkono wake mmoja ulikuwa umebana kipaji cha uso, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Dundun, mjukuu wake wa miaka minne, mtoto wa pekee wa Caiping, alikuwa amelala kifudifudi juu ya miguu yake. Mtoto yule saa kama hizi huwa anaruka juu ya viti. Caiping alimwinua. Mtoto akafumbua macho, akamtazama mama yake kama anamtazama mtu aliye ng'ambo ya barabara, akayafumba tena. Mashavu yake yalikuwa mekundu, mazuri, kama yamepakwa rangi ya sikukuu.

"Amelala tangu saa ngapi?"

"Tangu alipochoka. Mtoto akilala ni kesi?"

Palikuwa na harufu. Nyembamba, kavu, ya kitu kilichoungua mbali. Caiping hakuwa mtu wa kusema kwanza, alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Akainama kama anatafuta ndala zake, akachungulia chini ya kitanda. Akafungua kabati kama anatafuta bakuli. Hakuona kitu. Mama Ning alikuwa anamfuata kwa macho, na macho yale yalikuwa yanaogopa jambo.

Ua ule wa familia tatu, katikati ya vichochoro vya Beijing, ulikuwa ukiota moto wa makaa ya mawe tangu Mama Ning alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Halafu kamati ya mtaa ikapita, ikachukua majiko yote, ikaleta hita za matofali na mita mpya yenye bei mbili, ya usiku na ya mchana. Mama Ning alililia jiko lake kama anamlilia ndugu. Lakini alipokuja kuelewa bei ya usiku, aliacha kulia, akaingia dini mpya. Kuanzia saa tatu usiku, bei ikishuka, nyumba yake ilikuwa inaamka. Maji yalichemshwa na kujazwa kwenye chupa za chai, mikate ya mvuke iliiva, nguo zilifuliwa, hita zililishwa. Saa kumi na mbili asubuhi, bei ikipanda, alipita kwenye swichi moja baada ya nyingine na kuzizima, kama askari anayefunga geti. Hata simu yake aliichaji usiku tu, na kwa kuwa ilikuwa kuukuu, ikifika mchana ilikuwa imezimika.

"Umeme wa mchana ni wa matajiri," alikuwa akisema. "Sisi tule wa usiku, tushibe, tunyamaze."

Na mwanzoni mwa baridi alikuwa amebandika karatasi kwenye nyufa zote za madirisha, kwa uji mzito wa unga wa ngano, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Safari hii hakuishia kwenye nyufa. Aliziba pia tundu lililokuwa linapitisha bomba la jiko la zamani, akaziba na kile kitundu cha hewa ambacho enzi za makaa kamati ilikuwa inakikagua nyumba kwa nyumba.

"Moshi hatuna tena, tundu la nini? Joto langu la usiku litoke bure likawapashe njiwa?"

Caiping ndiye aliyemshikia ngazi. Ndiye aliyemshikia bakuli la uji.

Ugomvi ulikuja wiki iliyopita. Dundun alikohoa usiku mzima, na mchana wake, hita ilipopoa, Caiping alinyoosha mkono kwenye swichi. Mama Ning akausukuma ule mkono.

"Mvalishe sweta la pili."

"Ameshavaa matatu, Mama. Hawezi hata kukunja mikono."

"Basi la nne."

"Basi nampeleka kwa mama yangu Hebei," Caiping alisema. Hakuwa amepanga kusema hivyo. "Kule kuna kitanda cha udongo kinachowashiwa moto kwa chini. Atakaa mpaka baridi iishe. Changlin akirudi nitamweleza mwenyewe."

Changlin, mume wake, alikuwa kusini na lori la machungwa. Mama Ning alimvuta mtoto akampakata, akamfunga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Na siku mbili baadaye, Caiping aliporudi kazini jioni, akakuta chumba kina joto. Akafurahi. Akajua mama mkwe amelainika, anabonyeza swichi ya mchana kwa siri na kuona aibu kukiri. Akamwachia aibu yake.

Ila hita iliyowashwa mchana haiwezi kuwa baridi namna ile.

Asubuhi iliyofuata Dundun aliamka mzima, akala mkate mzima wa mvuke, akamrushia bibi yake soksi. Caiping akajiona mjinga. Akaenda zake sokoni, kwenye kibanda alikokuwa anasukuma tambi na manda za kufungia maandazi ya nyama. Wateja walikuwa wengi, sikukuu ya mwaka mpya imekaribia. Mchana wote mikono yake ilikuwa kwenye unga na akili yake kwenye bati la hita.

Ilikuwa karibu saa tisa alipopita Pang, jirani wa kibanda cha tatu, aliyekuwa anauza mchuzi wa ufuta, vitunguu saumu vya siki, na mkaa wa sufuria za shaba. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita mabasi.

"Mke wa Changlin! Nyie mmeshinda bahati nasibu?"

"Bahati nasibu gani, Kaka Pang?"

"Msinifiche! Nyama ya kondoo kila siku! Mama mkwe wako juzi kachukua mkaa, jana kachukua mkaa, leo asubuhi kaja na kitoroli kabeba mfuko mzima. Mnakula peke yenu hivyo, hamuogopi kuvimbiwa?"

"Mkaa?"

"Mkaa, ndiyo. Wa sufuria ya shaba. Ulidhani anapaka nyusi?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Caiping naye alianza kucheka, midomo yake ikasimama njiani.

Nyumbani kwao kondoo hakuwa ameliwa tangu Changlin aondoke. Sufuria ya shaba ilikuwepo, kila nyumba ya pale inayo. Ina bomba katikati, mkaa unakaa tumboni mwa bomba, maji yanachemka kuzunguka, watu wanakaa mezani wanachovya nyama. Inapasha chakula, na inapasha chumba. Haihitaji jiko. Haigusi mita.

Mti wa kusukumia unga ulianguka. Hakuuokota.

Alipokuwa msichana wa shule ya msingi, kijijini kwao, bwana harusi na bibi harusi walikutwa kitandani asubuhi ya siku ya pili. Hawakuwa na jeraha. Chumba kilikuwa kipya, kimebandikwa karatasi nyekundu kila pembe, na jiko la makaa kando. Watoto walipita mlangoni kuwaona kwa sababu hakuna aliyewazuia. Mashavu ya wale wawili yalikuwa mekundu. Mama mmoja alisema, "Wamependeza, maskini," na Caiping mdogo alikubali moyoni kwamba kweli wamependeza. Ndicho kilichomtisha miaka yote.

Alipiga simu ya mama mkwe. Imezimwa. Bila shaka imezimwa, mchana huu. Akampigia Mama Teng, mjane wa mlango wa pili uani kwao. Simu iliita, ikaita.

"Haloo! Nani? Sema haraka, niko kwenye mchezo wa vigae, nimepata vizuri."

"Shangazi, ni mimi, Caiping. Nenda chumbani kwetu. Sasa hivi."

"Kwenu kumetulia, mbona. Pazia la mlango limeshushwa. Wanalala."

"Waamshe."

"Nimwamshe Mama Ning? Mimi? Ananitukana mpaka kizazi cha nne!"

"Waamshe, Shangazi! Gonga! Wasipoitika vunja mlango!"

"Nivunje mlango? Binti, umekunywa nini leo?"

"Amewasha mkaa ndani!" Caiping alipiga kelele. "Kaziba kila tundu, kawasha mkaa ndani, na Dundun yumo!"

Kwenye simu vigae vilimwagika. Halafu nyayo, mlango, upepo. Halafu ngumi zikigonga mbao. "Mama Ning! Mama Dundun anauliza! We Mama Ning!" Zikagonga tena. Halafu sauti ya Mama Teng, ndogo, karibu kabisa na sikio lake: "Caiping. Hawaitiki."

Hakukumbuka alivyopanda baiskeli yake ya umeme. Alikumbuka Pang akikimbia nyuma yake na tumbo lake, akipiga kelele kwamba anaita gari la wagonjwa, aseme kichochoro gani, na yeye akijibu bila kugeuka. Barafu ilikuwa kwenye kona zote. Kwenye kila kona alikuwa anajua kwamba akianguka, basi. Hakupunguza mwendo. Alikuwa anajaribu kukumbuka neno la mwisho alilomwambia mtoto asubuhi. Lilikuwa "vaa soksi." Akalirudia njia nzima, vaa soksi, vaa soksi, kama akiliachia litaanguka na mtoto naye ataanguka.

Mama Teng alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amesogeza lile pazia zito la pamba, anagonga na kulia. "Umefungwa kwa ndani. Nimesukuma. Kuna kitu kizito nyuma ya mlango, kinasogea kidogo halafu kinarudi."

Caiping alielewa kitu hicho ni nini, akaukataa ule uelewa. Akaenda dirishani. Karatasi za nyufa zilikuwa zimenyooka, nyeupe, kazi nzuri. Kwenye pipa la kabichi za chumvi palikuwa na jiwe la kukandamizia. Lilikuwa limeganda na kifuniko, akalipiga teke mpaka likabanduka, akalirusha. Kioo cha kwanza kilivunjika. Akang'oa jingine kwenye pipa la jirani, akavunja na cha pili. Joto likampiga usoni, joto zuri, la chumba cha watu wanaopendana. Akavuta pumzi ya baridi, akaibana, akapanda.

Ndani palikuwa nadhifu. Sufuria ya shaba ilikuwa sakafuni juu ya sinia. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi. Maji yalikuwa yanachemka polepole, hamna kitu ndani yake ila vipande vitatu vya tangawizi. Mama Ning alikuwa amelala chini, mgongo umeegemea mlango, mkono umenyooshwa juu kuelekea komeo. Vidole vilikuwa vimebakiza nafasi ndogo sana. Dundun alikuwa kitandani, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni.

Mmoja tu. Pumzi aliyoibeba ilikuwa ya mmoja tu.

Alimruka mama mkwe wake. Akambeba mtoto, blanketi na vyote, akarudi dirishani, akampitisha juu ya vipande vya kioo mpaka mikononi mwa Mama Teng. Mtoto alikuwa mzito kuliko siku zote na shingo yake haikushika kichwa. Caiping akaweka uso nje, akavuta pumzi nyingine, akageuka. Sufuria aliisukuma pembeni kwa mguu. Alimkamata Mama Ning makwapani, akamvuta kutoka mlangoni. Mwanamke mdogo vile, mwepesi vile kila siku, sasa alikuwa kama gunia la unga lililolowa. Komeo likakataa, likakubali. Mlango ukafunguka na baridi yote ya Beijing ikaingia. Hakuwahi kuipenda baridi namna ile.

Uani, Dundun alikuwa juu ya theluji, Mama Teng anampepea kwa ubao wa vigae. Mashavu mekundu. Alikuwa amependeza.

"Usipendeze," Caiping alimwambia. "Usithubutu kunipendezea." Alimvua yale masweta manne, lile la juu, la chini yake, akamsugua kifua kwa mikono yenye unga wa tambi. Akamwita kwa jina la utani, akamwita kwa jina la shule. Mama Teng alisema, "Mpige mgongoni." Alimpiga. Alisema, "Mpulizie." Alimpulizia. Kope hazikucheza. Mlio wa gari la wagonjwa ulikuwa mahali fulani, unazunguka, unatafuta kichochoro, kila ukikaribia unaondoka.

Halafu mtoto akatapika. Alitapika kwenye shingo ya mama yake, akavuta hewa kwa sauti mbaya, akalia. Kilio kilikuwa chembamba, cha hasira, cha mtu aliyenyang'anywa usingizi. Caiping alikaa kwenye theluji na kilio hicho mapajani, hakumbembeleza. Alitaka kiendelee.

Pembeni yake Mama Ning alikuwa anakoroma kwa shida. Jicho moja lilifunguka, likaona dirisha.

"Joto," alisema kwa ulimi mzito. "Caiping... joto lote linatoka nje."

Hospitali waliwekewa hewa safi puani, mtoto kitanda hiki, bibi kitanda kile. Daktari alikuwa mwanamke mwenye macho yaliyochoka juu ya barakoa. Alisema mtoto amewahiwa. Alipofika kwa Mama Ning alimvuta Caiping mpaka kwenye korido.

"Mama yako ataamka, atakula, atagombana na wauguzi. Usidanganyike. Kwa wazee sumu hii ya mkaa ina tabia ya kurudi. Wiki moja, mbili, hata mwezi na zaidi, yuko mzima kabisa. Halafu siku moja hajui kijiko kinashikwaje, au anatoka nje asijue njia ya nyumbani. Asiachwe peke yake. Ukiona kitu, chochote, mlete."

"Kitu kama nini?"

"Wewe unaishi naye. Utakijua."

Caiping alidhani hofu imekwisha, kumbe ilikuwa imehama kitanda tu.

Walirudi nyumbani asubuhi ya tatu. Pang na wenzake walikuwa wameweka vioo vipya. Kitundu cha hewa kilikuwa wazi, kinavuta upepo. Caiping aliwasha hita, mchana kweupe, kwa bei ya matajiri, na Mama Ning hakuinua mkono. Alikaa kidogo na Dundun mapajani. Kisha akamweka chini, akatoa begi juu ya kabati, akaanza kukunja nguo za mtoto. Suruali, masweta, soksi akizitia moja ndani ya nyingine.

"Unafanya nini, Mama?"

"Si unampeleka Hebei? Mpeleke. Una haki. Mimi hata mbele ya Changlin sitasema neno." Alipiga pasi sweta kwa kiganja. "Nilikuwa nasema moyoni, nikikipasha chumba hatakohoa. Asipokohoa hutampeleka. Mkaa mfuko mzima, Caiping, ni rahisi kuliko swichi ya siku mbili. Nilipiga hesabu yangu nikaona nimekuwa mjanja."

"Kichwa kilikuwa kinakuuma. Ulikuwa unajua."

"Nilijua kinauma. Nikasema ni uzee."

Caiping alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, aliyabeba tangu kwenye theluji, na mengine yalikuwa makali kweli. Yote yalikuwa yanaishia mahali pamoja, kwenye ngazi, na bakuli la uji mikononi mwake mwenyewe.

"Begi ni dogo hilo," alisema. "Chukua lile la Changlin. Tia na zako."

"Zangu?"

"Mama yangu ana kitanda cha udongo kama uwanja. Utalala na mjukuu wako. Mchana mtagombana na mama yangu, mimi nitapata kupumzika."

"Na hita nani ataiwashia usiku?"

"Hita haitakufa njaa."

"Mita nayo..."

"Mama."

Mama Ning akageuka, akafungua kabati, akatia nguo zake chache chini ya za mtoto, kama anazificha. Dundun alikuwa ameshatangulia mlangoni, anaimba wimbo wa basi.

Mama Ning akachukua koti. Aliingiza mkono wa kulia, ukapita. Akapeleka wa kushoto nyuma, akatafuta, hakupata. Akatafuta tena. Akasimama katikati ya chumba, mkono unaogelea nyuma ya mgongo wake, na usoni hakuonekana mtu.

"Mama?"

Hakujibu.

"Mama, mimi nani?"

"Wewe?" Mama Ning aligeuza shingo polepole. "Wewe ni mtu anayesimama kunitazama badala ya kunisaidia! Mkono wa koti umejigeuza ndani, huoni?"

Caiping alisogea, akautoa ule mkono wa koti, akaunyoosha. Ilibidi ajaribu mara mbili. Kisha akamvalisha, akamshika kiwiko, na hakukiachia mpaka wakaingia kwenye basi, na hata ndani ya basi, mbele ya abiria, aliendelea kumuuliza mama mkwe wake majina ya vituo.